Usiniambie "Niongezee Nyingine Kama Hizi Hizi"

"Fundi, nina RAM ya GB 16, niongezee nyingine kama hizi hizi zifike 32." Wiki haipiti bila kuisikia. Na anayesema mara nyingi ni yule mwenye mashine iliyobanwa kila kona: prosesa imeovaklokiwa (imesukumwa kupita kasi yake ya kawaida), RAM imeovaklokiwa, feni zinalia. Kisha anapachika vijiti vipya vya RAM, skrini inabaki nyeusi, na lawama anapewa aliyemuuzia.

Tuelewane kitu kimoja. Ukishawasha XMP, ile profaili ya kasi iliyohifadhiwa kwenye kijiti, kupitia bayosi (mipangilio ya msingi ya mashine), au EXPO kwa wenye prosesa za AMD, umeshaovakloki RAM. Ile 3600 kwenye boksi la DDR4, kizazi cha RAM kilichotangulia DDR5, si kasi ya kawaida. Kiwango cha JEDEC, chombo kinachoweka viwango vya RAM, kwa DDR4 kinaishia 3200, kwa volti 1.2, profaili ya 3600 kwa kawaida inataka 1.35. Mtengenezaji amekuhakikishia kwamba vijiti vilivyomo kwenye boksi hilo vitafika hapo vikiwa pamoja. Ni viwili. Vinne vyako hakuna aliyevipima.

"Lakini modeli ni ile ile!" Ndiyo, na hapo ndipo subira huniishia. Modeli ni ahadi ya kasi, taiming kuu (muda RAM inaosubiri kati ya hatua na hatua) na volti. Chipu zilizomo ndani ni habari nyingine kabisa. Zinaweza kuwa za Samsung, SK Hynix au Micron, na mwenye chapa anaweza kuzibadilisha bila kugusa jina wala bei. Corsair angalau huchapa namba ya toleo kwenye lebo: ikianza na 3 ni Micron, 4 ni Samsung, 5 ni Hynix. Kwa hiyo kabla hujatoa hela, chomoa ulichonacho usome lebo, acha kusoma tangazo. Seti ya 2020 na ya mwaka huu zinaweza kufanana mpaka rangi ya bati, ilhali moja ina B-die, aina ya chipu ya Samsung, inayokubali tRFC (mojawapo ya taiming) ya chini sana na nyingine ikipewa hiyo tRFC inatapika makosa. Sasa mazabodi (ubao mkuu) ifanye nini? Itatafuta taiming ambazo wote wanaziweza, yaani za yule dhaifu. Ulichochezea wikiendi nzima kukikaza kimelegea chote.

Haya, tuseme bahati yako nzuri, chipu ni zile zile. Bado kuna kidhibiti cha kumbukumbu, na kile kinakaa ndani ya prosesa. Vijiti vinne kwake ni mzigo mkubwa kuliko viwili. Kwenye DDR4 mara nyingi unapenya. Kwenye DDR5 sahau: AMD wenyewe, kwa prosesa zao za Ryzen 7000, wanaandika 5200 kwa vijiti viwili na 3600 kwa vinne. Soma tena hizo namba. Mtu ananunua seti mbili za 6000 halafu anaendesha RAM ya DDR5 kwa kasi ya DDR4.

Uza ulivyonavyo. Nunua seti moja ya viwili vikubwa, GB 16 mara mbili au GB 32 mara mbili, uvipachike sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Basi.

Kuhusu kasi, haraka haraka: ili kujua RAM inachelewa kiasi gani kujibu, zidisha CL (taiming kuu iliyoandikwa kwenye boksi) kwa 2000, gawanya kwa kasi. 3200 CL16 ni nanosekunde 10. 3600 CL18 ni 10. 6000 CL30 ni 10. 6000 CL40 ni zaidi ya 13, na ndiyo inayouzwa "bei poa". Ryzen 5000 ishia 3600, Ryzen 7000 ishia 6000. Ukilazimisha zaidi, kwa kawaida uwiano wa 1:1 kati ya RAM na kidhibiti chake unavunjika na unalipia ucheleweshaji. Taa za rangi nakuachia mwenyewe.

Nisichoweza kukuahidi ni uthabiti. Nimeona vijiti vya ukoo tofauti vikiishi pamoja miaka bila ugomvi, kinyume na yote niliyoandika hapa. Nimeona pia seti safi ikipita MemTest86, programu ya kupima RAM, usiku, kisha ikaangusha gemu saa nane mchana, Dar, Februari, chumba hakina AC. RAM iliyokazwa haipendi joto. DDR5 nayo ina ECC ndani ya chipu inayosahihisha baadhi ya makosa kimya kimya, kwa hiyo hata jaribio lililopita silimezi zima zima. Ukiniuliza saa ngapi za kupima zinatosha, jibu langu hutegemea kama mashine ni ya gemu au ya hesabu za duka. Ya duka, zima XMP.

Na wenye AM5, soketi ya Ryzen 7000: baada ya kubadilisha RAM, uwashaji wa kwanza unaweza kuchukua dakika kadhaa skrini ikiwa nyeusi. Inajifunza vijiti vipya. Usichomoe kitu, na usinipigie simu kabla ya robo saa.