Kodi ya nyumba si kodi ya nyumba: ugomvi wa SALT Marekani

Februari iliyopita mama mmoja wa Tanga, anayefanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee hapa jimbo la New Jersey, alikuja ofisini kwangu na bahasha ya kaki imejaa risiti. Zilikuwa kumi na mbili, moja kwa kila mwezi, dola 1,600 kila moja. "Mwanangu," akaniambia, "si wewe uliyeandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba kodi ya nyumba sasa inakatwa mpaka 40,000? Haya, nikatie."

Kosa lilikuwa langu. Niliandika harakaharaka, na Kiswahili chetu kina neno moja, kodi, kwa pesa anayopewa mwenye nyumba na kwa pesa inayokwenda serikalini. Mama alileta kodi ya pango. Mimi nilikuwa nazungumzia kodi ya majengo, ile ambayo mwenye nyumba anaulipa mji wake. Hata hilo "kukatwa" lina mtego: kwa mfanyakazi, kukatwa kodi ni pesa kutoweka kwenye mshahara kabla hajaiona, kwangu mimi ninayejaza fomu, ni kuitoa kodi uliyolipa kwingine katika mapato yako kabla serikali kuu haijapiga hesabu yake. Kwa hiyo naandika upya, safari hii bila papara.

Anayeishi New Jersey hulipa kodi ya mapato sehemu mbili, Washington kwa serikali kuu na Trenton, makao makuu ya jimbo. Akiwa na nyumba, mji nao humtoza kodi ya majengo, na huko ndiko zinakotoka pesa za shule, polisi na zimamoto. SALT ni ufupisho wa Kiingereza wa kodi za jimbo na za mitaa. Herufi hizo zinasomeka kama chumvi, na magazeti hayajachoka na utani huo. Kanuni yenyewe ni kwamba ukiorodhesha matumizi yako kwenye Jedwali A la fomu ya 1040, ile ya kodi ya serikali kuu, kodi hizo zinapunguza mapato yanayotozwa. Zinapunguza mapato, si kodi. Aliyelipa dola 10,000 naye yuko kwenye ngazi ya mapato inayotozwa asilimia 22 ameokoa 2,200. Kila msimu lazima nilirudie hili, na kila msimu kuna anayenitazama kama nimemwibia zile 7,800 zilizobaki.

Isitoshe, unaorodhesha pale tu orodha yako inapozidi punguzo la kawaida ambalo kila mtu anapewa bila kuulizwa. Kwa mwaka 2025 punguzo hilo ni 15,750 kwa asiye na ndoa na 31,500 kwa wanandoa wanaojaza pamoja. Mama yetu, pamoja na kodi ya jimbo aliyokatwa kazini, hakukaribia hata nusu.

Msomaji wa Nairobi atashangaa ugomvi unatoka wapi. Kenya, Katiba ya 2010 imeiachia serikali ya kitaifa peke yake kodi ya mapato, na kaunti zikabaki na kodi ya mali isiyohamishika. Hakuna serikali mbili zinazokata mshahara mmoja. Marekani zipo, na swali la ipi inakula kwanza ni la zamani kuliko kodi ya mapato ya sasa. Sheria ya wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe iliruhusu kuondoa kodi za majimbo katika mapato yanayotozwa, na ile ya 1913 ikafanya vivyo hivyo. Hoja ilikuwa nyepesi: pesa aliyoichukua gavana hunayo tena, sasa Washington wanatozaje kitu usichokuwa nacho?

Wapinzani wana jibu, na si jibu la kudharau. Wanasema kodi ya mji si pesa iliyotupwa. Umenunua nayo shule nzuri na barabara isiyo na mashimo. Ukiruhusiwa kuiondoa, mkulima wa Tennessee, ambako mishahara haitozwi kodi ya jimbo, anakuchangia shule ya mwanao. Na kwa kuwa punguzo lina thamani zaidi kwa aliye ngazi ya juu, mwenye kingi ndiye anayeongezewa. Mwaka 1985 Rais Reagan alitaka kulifuta lote. Mario Cuomo, gavana wa New York, akasimama kidete, na sheria ya 1986 ikaishia kufuta punguzo la kodi ya mauzo tu. Hilo nalo likarudishwa 2004, lakini kwa kuchagua: ama kodi ya mapato ya jimbo, ama ya mauzo. Wateja wangu waliohamia Houston kukimbia kodi ya mapato ndio wanaoitumia, halafu wananipigia simu kunung'unikia kodi ya majengo ya Texas.

Kisha ikaja 2017. Warepublican walipopunguza viwango vya kodi walihitaji pesa ya kuziba pengo, wakaweka kikomo cha SALT cha dola 10,000 kuanzia 2018. Wakati huohuo punguzo la kawaida likakaribia kuongezeka maradufu, hata waliokuwa wakiorodhesha, ambao walikuwa kama watatu katika kila kumi, wakabaki kama mmoja. Mbunge mmoja tu wa Republican kutoka New Jersey, Tom MacArthur, aliipigia sheria hiyo kura ya ndiyo; mwaka uliofuata alishindwa uchaguzi na Andy Kim wa Democrat. Desemba ya 2017 watu walipanga foleni kwenye ofisi za miji kulipa kabla ya wakati kodi ya mwaka unaofuata, mpaka mamlaka ya kodi ya serikali kuu (IRS) ikatangaza kwamba inayokubalika ni ile tu ambayo mji ulikwisha kuikadiria. New York, New Jersey, Connecticut na Maryland zilikwenda mahakamani, zikashindwa, na 2022 Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kuisikiliza rufaa yao.

Kabla ya hapo New Jersey ilijaribu ujanja ambao mimi niliupenda kwa ubunifu wake: badala ya kulipa kodi ya majengo, utoe "sadaka" kwa mfuko wa mji, halafu asilimia 90 ya sadaka ifutiwe kwenye bili yako. Sadaka nayo hupunguza mapato yanayotozwa, na haikuwa na kikomo kile. Mamlaka ya kodi ikaufunga mlango huo 2019.

Lakini mlango wa pili iliuacha wazi, na hapa ndipo ninapokasirika. Kampuni ya ubia, ya mawakili tuseme, inaweza kulipa yenyewe kodi ya jimbo ya wabia wake, ikaihesabu kama gharama ya biashara isiyo na kikomo chochote, na jimbo likamfutia mbia kodi yake binafsi. Mamlaka iliibariki njia hiyo Novemba 2020, na majimbo zaidi ya 30 yameipitisha. Ninazijaza fomu hizo, nazijua. Muuguzi anayelipwa mshahara hana njia hiyo. Mjadala unaendeshwa kama ugomvi wa New York na Texas, ilhali mstari halisi unapita katikati ya jengo moja la ofisi hapa Newark: ghorofani wabia, chini mapokezi wafanyakazi wa mshahara, wote wakilipa jimbo lilelile.

Mwaka 2025 wabunge wachache wa Republican kutoka New York, New Jersey na California, Mike Lawler akiwa mstari wa mbele, walikataa kikomo kilichopendekezwa cha 30,000 wakang'ang'ania 40,000. Kwenye Baraza la Wawakilishi muswada ulipita kwa kura 215 dhidi ya 214, kwa hiyo walisikilizwa. Sheria iliyosainiwa Julai 4 inasema 40,000 kwa 2025, nyongeza ya asilimia moja kila mwaka, kisha 2030 kurudi 10,000. Kwa 2025, anayezidi mapato ya 500,000 anapunguziwa kikomo kwa asilimia 30 ya kilichozidi: mwenye 550,000 anabaki na 25,000, na mwenye 600,000 yuko palepale kwenye 10,000. Pendekezo la kuwafungia mawakili na madaktari ile njia ya ubia lilikuwemo kwenye rasimu. Halikufika mwisho.

Sasa chukua mume na mke wauguzi, kaunti ya Essex hapa New Jersey, mapato yao pamoja 230,000. Kodi ya jimbo kama 10,500, ya majengo 14,000, riba ya mkopo wa nyumba, ambayo nayo huorodheshwa, 12,000. Jumla 36,500. Chini ya kikomo cha zamani wangeorodhesha 22,000 tu, kwa hiyo wangechukua punguzo la kawaida. Chini ya kipya wanaorodhesha yote, lakini wanalizidi punguzo la kawaida kwa 5,000 pekee. Zidisha kwa asilimia 22: dola 1,100. Si haba, inalipa bili za umeme za miezi kadhaa, ila si ile 40,000 iliyokuwa ikiimbwa redioni. Wala kikomo hakijali ndoa. Wawili wasiooana wangepewa kila mmoja kikomo chake; hawa wana kimoja, na mwaka ambao kikomo kilikuwa 10,000 mume aliniuliza, nusu utani, kama talaka ya karatasi ni kosa la jinai.

Na mama wa Tanga? Risiti zake hazikuwa takataka. Kwenye ritani ya jimbo, yaani fomu ya kodi ya jimbo, New Jersey huihesabu asilimia 18 ya pango kuwa kodi ya majengo. Kumi na mbili mara 1,600 ni 19,200. Asilimia 18 yake ni 3,456, nikazitoa kwenye mapato yake ya jimbo. "Kumbe inakatwa," akasema, akizirudisha moja moja kwenye bahasha.