Jeraha la Korpasi Kalosamu: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Katikati ya ubongo, chini kabisa ya ufa unaozitenga nusu zake mbili, umo mkanda mpana wa nyuzi za neva uitwao korpasi kalosamu, ambao unakadiriwa kuwa na nyuzi zipatazo milioni 200. Kwa kuwa kazi yake ni kupitisha habari kutoka nusu moja hadi nyingine, wengi huamini kwamba mkanda huo ukijeruhiwa, madhara yake lazima yaonekane mara moja na kwa kila mtu. Sivyo. Majeraha ya hapa ni miongoni mwa yale yanayojificha sana, na mara nyingi hutambuliwa na mchunguzi anayejua mahali pa kuyatafuta.

Hata wataalamu walipotea njia hapa. Mwaka 1940 daktari wa upasuaji William Van Wagenen wa Rochester, Marekani, alitoa taarifa ya wagonjwa wa kifafa ambao aliwakata mkanda huo ili degedege lisivuke upande wa pili wa ubongo. Andrew Akelaitis, aliyewapima wagonjwa wake, hakuona upungufu wa maana, na baadhi ya wanasayansi wakafikia kutania kwamba mkanda huo hauna kazi nyingine ila kusambaza kifafa. Moja ya kasoro ilikuwa katika vipimo vyenyewe: mgonjwa akiwa huru kutembeza macho, kila nusu ya ubongo hujionea mambo yenyewe bila kungoja kuarifiwa na mwenziwe. Madaktari wa upasuaji Joseph Bogen na Philip Vogel walipoanza upasuaji wa namna hiyo Los Angeles mwaka 1962, wanasayansi wa ubongo Roger Sperry na Michael Gazzaniga waliwapima wagonjwa kwa picha zilizomulikwa kwa muda mfupi mno kiasi kwamba macho hayakuwahi kugeuka. Picha ilipotokea upande wa kushoto, ambao huonwa na nusu ya kulia ya ubongo, mgonjwa alisema hajaona kitu, ilhali mkono wake wa kushoto ulikiokota kwa kupapasa kitu kilekile kilichochorwa. Sperry alitunukiwa sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 1981 kwa kazi hiyo.

Dhana nyingine iliyoenea ni kwamba hapa ndipo amri za ubongo zinapovuka kwenda upande wa pili wa mwili, na kwa hiyo jeraha la korpasi kalosamu litampooza mtu upande mmoja. Njia kuu ya amri za misuli haipiti humo kabisa. Huvukia chini sana, kwenye sehemu ya mwisho ya shina la ubongo, karibu na uti wa mgongo ulipoanzia. Ni kweli kwamba mgonjwa mwenye kiharusi cha eneo hili anaweza kupata udhaifu wa mguu, lakini sababu yake ni kwamba mshipa unaolisha sehemu kubwa ya mkanda ndio huohuo unaolisha eneo jirani la ubongo linaloendesha mguu. Jirani ndiye aliyeumia pia.

Linaloumia zaidi ni mawasiliano, na mkono wa kushoto ndio unaolidhihirisha. Kwa watu wengi lugha hukaa katika nusu ya kushoto ya ubongo, wakati mkono wa kushoto unatawaliwa na nusu ya kulia; njia kati yao ikikatika, mkono huo unabaki na nguvu zake zote ila haupati maneno. Mfumbe mgonjwa macho, umwekee ufunguo katika kiganja cha kushoto: hawezi kuutaja, lakini ukiuchanganya na vitu vingine ataupata kwa kuupapasa kwa mkono uleule. Mwambie apige saluti kwa mkono wa kushoto, nao utababaika, ingawa wa kulia unaitekeleza amri hiyo bila taabu. Daktari Mjerumani Hugo Liepmann alilieleza tatizo hili mwanzoni mwa karne ya 20. Wapo pia wagonjwa ambao mkono wa kulia unafunga vifungo vya shati huku wa kushoto ukivifungua, na jamaa wanaolishuhudia jambo hilo huwa wepesi kulihesabu kuwa ukaidi au wazimu. Mgonjwa mwenyewe, mwenye akili zake timamu, huwa wa kwanza kushangaa.

Likiumia pande la nyuma la mkanda pamoja na eneo la kuonea la nusu ya kushoto, hutokea jambo ambalo mtu asipoelezwa atadhani anadanganywa: mgonjwa anaandika barua vizuri, kisha anashindwa kuisoma. Daktari Mfaransa Jules Dejerine aliripoti hali hiyo mwaka 1892. Maandishi yanaonwa na nusu ya kulia peke yake, na daraja la kuyafikisha kwenye lugha limevunjika.

Kuhusu madai kwamba watu hugawanyika kuwa wa “ubongo wa kulia” wenye sanaa na wa “ubongo wa kushoto” wenye hesabu, tafiti za wagonjwa hawa hazikuyasema hayo. Yalikuzwa nje ya maabara. Mwenye mkanda mzima hutumia nusu zote mbili katika karibu kila tendo.

Vilevile haifai kumchukulia mtu aliyezaliwa bila korpasi kalosamu kama aliyekatwa ukubwani. Ubongo unaokua bila mkanda huo hutafuta njia nyingine, na dalili za kutengana kwa nusu mbili huwa hafifu. Wengine hupata ulemavu mkubwa, hasa penye kasoro nyingine za ubongo. Wengine hugunduliwa kwa bahati tu wanapopigwa picha kwa sababu tofauti, ingawa hata hao wanaweza kuwa wazito wa kuelewa mzaha na mafumbo.

Linalowatisha watu zaidi ni neno “doa” katika majibu ya kipimo cha MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku), nalo hufasiriwa haraka kuwa saratani. Ipo kweli saratani ya ubongo inayovuka mkanda na kutanda pande zote mbili kama mabawa ya kipepeo. Lakini doa linaweza pia kutokana na malitipo sklerosisi (ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia ala za nyuzi za neva), na kiharusi, na kichwa kutikiswa kwa nguvu katika ajali, au na ugonjwa ambao madaktari Marchiafava na Bignami waliueleza Italia mwaka 1903 kwa wanywaji wa mvinyo mwekundu, na ambao leo unajulikana kumpata mlevi wa kileo chochote, na mara chache hata asiyekunywa lakini mwenye utapiamlo mkali. Kwa ugonjwa huo vitamini B1 hutolewa mapema bila kusubiri. Tena kuna doa dogo la mviringo katikati ya pande la nyuma, linalotokea baada ya degedege, homa ya virusi, sukari kushuka mno au kuacha ghafla dawa za kifafa. Chanzo kikitibiwa, kipimo kinachorudiwa baada ya wiki chache kwa kawaida hukuta doa hilo limefutika.