Pneuma: Nguvu ya Uhai na Pepopunda katika Tiba ya Kale

Pneuma ni neno la Kigiriki lenye maana ya upepo, pumzi na hata roho, na kwa matabibu wa kale lilitaja kile kinachoutofautisha mwili hai na maiti. Msemaji wa Kiswahili haoni tabu kuielewa dhana hii, kwa kuwa upepo na pepo katika lugha yake ni maneno ya ukoo mmoja, na hata pepopunda, ugonjwa uliowasumbua sana matabibu hao, umebeba pepo katika jina lake.

Erasistratus, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 3 KK, alifundisha kwamba hewa tunayovuta hufika moyoni na kuwa pneuma ya uhai, ambayo husambaa katika ateri, yaani mishipa itokayo moyoni. Sehemu yake hufika ubongoni, ikageuka pneuma ya nafsi, kisha hupita ndani ya neva na kuisukuma misuli. Galen, tabibu Mgiriki wa karne ya 2 BK, alithibitisha kuwa ateri hubeba damu, lakini pneuma ya neva aliiacha mahali pake.

Matabibu wa kale waliifahamu pepopunda vizuri. Maandishi ya Hippocrates, tabibu maarufu wa Ugiriki ya kale, yanamtaja nahodha aliyepondwa kidole na nanga: siku chache baadaye taya zilikaza, kisha shingo, mgongo ukapinda kwa nyuma huku jasho likimtoka, akafa. Maandishi hayohayo yanasema mkakamao hutokana na mwili kujaa kupita kiasi au kupungukiwa. Ni maelezo yanayotosheleza akili, ila hayakieleza kile kidonda.

Fikra hizo ziliishi muda mrefu. Mwaka 1780 John Brown, tabibu wa Scotland, aliandika kwamba uhai ni uwezo wa mwili kuitikia vichocheo, na maradhi ni msisimko uliozidi au uliopungua. Huko Philadelphia, Marekani, tabibu Benjamin Rush aliihesabu pepopunda kuwa ugonjwa wa udhaifu, akapendekeza mvinyo na gome la mti wa kwinini.

Mwaka 1884 watafiti wa Italia, Carle na Rattone, walichukua usaha wa mgonjwa wa pepopunda, wakawadunga sungura, nao wakapata ugonjwa uleule. Mwaka 1889 Kitasato, mtafiti Mjapani, akamtenga bakteria anayeusababisha. Sumu yake hupanda kupitia neva hadi kwenye uti wa mgongo na kuzuia ujumbe unaoiambia misuli ilegee. Mvinyo wa Rush, basi, ulikusudiwa kuutia nguvu mwili ambao misuli yake ilikuwa tayari inajikaza kwa nguvu zake zote.