Kidimbwi cha Bustani Nyumbani: Tuanze na Ardhi

Wananchi wengi wanaotujia kutaka ushauri juu ya kidimbwi cha bustani huanza kwa kuuliza wafuge samaki gani au wapande maua gani, nasi huwajibu kwa swali: nyumba yako imekaa juu ya ardhi gani? Aliyeko Makunduchi au Jambiani, kusini mwa Unguja, kwenye ardhi ya uwanda, yaani ya mawe ya matumbawe, ana kazi tofauti kabisa na aliyeko bondeni Pemba mwenye udongo wa kinamo. Jiwe la matumbawe limejaa matundu na nyufa, na maji hupenya humo yakapotea. Kinamo ni udongo uleule unaoshika maji katika mabonde ya mpunga.

Kupima hakuhitaji fundi. Chimba shimo la kina cha futi moja, lijaze maji, yakishanywewa lijaze tena jioni na uchomeke kijiti penye usawa wa maji. Asubuhi ukikuta yameshuka kidogo tu, udongo wako ukishindiliwa vizuri utatosha wenyewe. Ukikuta shimo kavu, itakubidi utandike plastiki nene au ujenge kwa saruji.

Kwa nyumba ya kawaida, urefu wa mita 2, upana wa mita 1.5 na kina cha sentimita 60 vinatosha, na kidimbwi hicho hakitazidi lita 1,800. Plastiki yake hupimwa kwa kujumlisha urefu, kina mara mbili, na sentimita 30 za ukingo kila upande, yaani mita 3.8 kwa mita 3.3. Kwenye uwanda, pitisha kiganja shimo zima kabla ya kutandika, kisha weka mchanga na magunia makuukuu. Kidimbwi changu cha kwanza kilikuwa kikipungua kila siku, na nilipokikausha nilikuta ncha ya jiwe, ndogo kuliko punje ya mtama, imetoboa plastiki.

Anayechagua saruji apige lipu ya sehemu moja ya saruji kwa tatu za mchanga, wala asichote mchanga wa ufukweni, kwa kuwa una chumvi na kuuchota ni kuula ufukwe wetu. Saruji mpya hutoa chokaa inayodhuru samaki. Jaza maji, yaache wiki moja, yamwage, na urudie mara mbili au tatu kabla ya kuwatia.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni mbu. Zanzibar imefanya kazi kubwa na ya miaka mingi kuipunguza malaria, na haitakuwa haki kuirudisha nyuma kwa ajili ya pambo la uani. Katika joto letu yai la mbu laweza kuwa mbu anayeruka ndani ya siku kumi hivi. Chota maji ya ukingoni kwa bakuli jeupe, utulie, uangalie: viluwiluwi vya mbu wa malaria hulala sambamba na uso wa maji, vya mbu wengine huning'inia kichwa chini, na kivuli chako kikipita vyote huzama kwa kujinyonganyonga. Samaki wadogo kama gapi huvila, kwa hiyo watiwe mara maji yanapokuwa tayari, si baada ya miezi. Mayungiyungi machache huleta kivuli, lakini yasifunike uso wote, maana samaki hawafiki penye msongamano wa majani.

Kaa mbali na karo la choo na kisima, hasa kwenye uwanda, ambako uchafu husafiri upesi chini ya mawe. Penye watoto wadogo weka uzio au wavu imara tangu siku ya kuchimba, kwa sababu mtoto huzama hata katika maji yasiyofika magotini.

Kabla ya masika, chimba mfereji wa kutolea maji yanayofurika na uuelekeze kwenye migomba au mboga, usiuelekeze kijitoni, ili samaki wa kufugwa wasiingie katika maji ya asili, na mdomo wake uzibe kwa wavu wa matundu madogo.