Kitunguu cha Mang'ola Kwenye Sahani ya Manzese

Muulize mwanafunzi wa darasa la tatu Manzese mchele unatoka wapi, naye atajibu, "Dukani kwa Mangi." Hajakosea, maana ndiko anakotumwa. Kazi yetu katika somo la chakula ni kumsogeza hatua moja nyuma kila mara: Mangi kaununua Tandale, na Tandale umeshushwa na lori la Ifakara au Kyela.

Walimu wengi wakisikia somo la chakula huwaza bustani. Mimi, kama afisa ugani, nawashauri waanze na soko. Kila kundi la watoto lipewe kiungo kimoja cha mlo wa jana, likamuulize mfanyabiashara kimetoka wapi, kimekaa njiani siku ngapi na kwa nini bei imepanda. Kitunguu kinafaa sana. Kingi hutoka Mang'ola, Karatu, karibu na Ziwa Eyasi, kwenye mashamba ya umwagiliaji. Hukaa kitaluni kama wiki sita, kisha shambani zaidi ya miezi mitatu. Watoto wakiona gunia la lumbesa, lile lililojazwa kupita kipimo, waulizeni nani anailipia ile nundu ya juu. Hesabu za kilo zitaeleweka siku hiyo hiyo.

Msiache kupita mashineni. Mahindi yakikobolewa kupata sembe, ganda na kiini huondoka, na pamoja navyo nyuzinyuzi na sehemu kubwa ya vitamini za kundi B. Pumba zinapelekwa kwa mifugo. Watoto hucheka wakigundua kuwa kuku ndiye aliyepata sehemu hiyo.

Bustani nayo ina nafasi yake, ila isiwe adhabu. Tangu Elimu ya Kujitegemea ya 1967 shule zetu zimehimizwa kulima, lakini mchelewaji anayepewa jembe kila asubuhi atajifunza kulichukia tu. Mjini hakuna eneo, basi tumieni viroba na ndoo zilizotobolewa chini. Udongo usichotwe kwenye bonde linalopokea majitaka ya viwanda.

Pandeni mchicha, kwa sababu huvunwa ndani ya wiki tatu hadi nne na mtoto anaushuhudia tangu mbegu hadi sufuria. Hesabuni wiki kurudi nyuma kutoka likizo ya Juni ili shule ikifungwa uwe umeshaliwa. Mlinzi hakuajiriwa kumwagilia.