Maji ya simtanki na kipindi cha aljinati

Wanafunzi wanaoanza somo la malighafi za meno huja na daftari wakitegemea kunakili majina. Mimi siku ya kwanza nawapa bakuli la mpira, spatula na poda ya aljinati, ile tunayochukulia chapa ya taya kabla ya kutengeneza meno bandia. Kisha nawaambia wachote maji bombani. Saa nane mchana, Februari, Dar es Salaam.

Mwaka huu binti mmoja alikoroga vizuri sana, akakandamiza mchanganyiko ukingoni mwa bakuli mpaka ukalainika kama krimu. Alipogeuka kuchukua trei ya kuutia mdomoni, spatula ilishasimama yenyewe.

"Dokta, poda hii imeharibika?"

Poda ilikuwa nzima. Maji ndiyo yaliyotoka kwenye simtanki lililoshinda juani. Aljinati ya kawaida huganda kwa dakika 2 hadi 4 na nusu, na maji yakizidi joto kwa nyuzi 10, kwa wastani dakika 1 nzima inapotea. Nikamletea maji ya jagi lililokaa kivulini na vipande vya barafu, akarudia. Safari hii alipata muda hata wa kunyanyua trei na kuiangalia.

Baada ya hapo kemia inasikilizwa. Ndani ya poda kuna chumvi ya kalsiamu inayoigandisha aljinati, na kuna fosfeti ya kuichelewesha. Fosfeti ni daladala la kwanza kituoni: kalsiamu yote inapanda humo. Likijaa, abiria wanaobaki ndio wanaoifikia aljinati, na kuganda kunaanza ghafla. Maji ya moto yanaharakisha foleni nzima. Sijapata mwanafunzi aliyesahau hilo kwenye mtihani.

Chapa yenyewe imwagiwe plasta mapema. Ikiachwa mezani inasinyaa, ikizamishwa majini inavimba. Hilo halina mjadala.

Ninapotaka kukaa zaidi ni kwenye simenti ya glasi-ayonoma, ya kuzibia meno, kwa sababu ina historia inayotuhusu. Njia ya kuondoa uozo kwa vifaa vya mkono na kuziba jino bila mashine wala umeme ilianzia hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kwa kazi ya daktari wa meno Jo Frencken na wenzake. Mwanzoni walizibia simenti ya polikaboksileti, glasi-ayonoma ikafuata. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza njia hiyo kwa ulimwengu. Nataka mwanafunzi wa Dar alijue hilo kabla hajashika poda.

Simenti hii inashikana na kalsiamu ya jino lenyewe, kwa hiyo huhitaji kuchimba jino zima ili kupata pa kuishikizia. Inatoa pia floraidi kidogo kidogo. Lakini dakika zake za mwanzo ni za kuchunga: mate yakiigusa mapema inadhoofika, ikikauka sana inapasuka. Ndiyo maana tunapaka vaselini kwenye glovu, tunaibana kwa kidole, kisha tunaifunika.

Basi darasa lile lile lililojifunza barafu likaja na wazo zuri: tuweke bamba la kukorogea simenti kwenye friji, tupate muda kabla haijaganda. Niliwaacha. Bamba lilitoka baridi, likawekwa mezani, na kabla poda haijapimwa lilikuwa linatoka jasho. Unyevu wa pwani. Yale matone yanaingia kwenye mchanganyiko na kuharibu uwiano wa poda na maji yake, na simenti inakuwa dhaifu.

Siku hizi bamba tunalipoza kidogo tu, tunalifuta kwa gozi kavu, halafu mmoja analiinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Akiona ukungu, hatukorogi.