Unapofika ugenini kwa mara ya kwanza: maliza kila jambo mahali pake

Ndege ikitua, abiria huinuka wote kwa pamoja na kubanana kwenye njia, ingawa mlango bado umefungwa. Wewe kaa kwanza. Toa pasipoti, kadi ya kuingilia nchini kama mmegawiwa, na karatasi yenye anwani ya utakapofikia pamoja na simu ya mwenyeji wako. Nasema karatasi makusudi. Simu huishiwa chaji, laini yako huenda isishike mtandao, na katika kumbi nyingi za uhamiaji hairuhusiwi kuitumia.

Kutoka kwenye ndege hadi barabarani ni njia ya kwenda tu. Unapita uhamiaji, unachukua mzigo, unapita forodha, unatoka. Tatizo linalomalizwa kwa dakika 5 kwenye dirisha husika linaweza kukuchukua wiki ukishalipita. Wengi wanaotujia kuomba msaada waliona kasoro palepale, wakaona haya kuuliza kwa sababu foleni nyuma yao ilikuwa ndefu.

Baadhi ya nchi huanza na meza ya afya, hasa ukitokea sehemu yenye homa ya manjano. Cheti cha chanjo hiyo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo sindano ya juzi haikusaidii. Tangu Julai 2016 cheti kinadumu maisha yote. Chako cha zamani kilichoandikwa miaka 10 bado ni halali.

Kisha dirisha la uhamiaji, ambalo ndilo linalowatia watu jasho. Ujue kwamba viza inakufikisha mlangoni tu. Anayekuruhusu kuingia ni afisa aliye mbele yako, na sheria za nchi nyingi zinampa uwezo wa kukukatalia hata viza ikiwa safi. Maswali yake kwa kawaida hayazidi matatu au manne: umekuja kufanya nini, utakaa siku ngapi, utafikia wapi, nani anakulipia. Jibu kwa ufupi na kwa ukweli, na majibu yafanane na viza yako. Mwenye viza ya matembezi anayejigamba kuwa "nikipata kazi nitabaki" amejifungia mlango mwenyewe. Ukifikia kwa shemeji, sema kwa shemeji; usitaje hoteli ambayo hujaweka nafasi, maana wanaweza kupiga simu wakauliza.

Kosa ninaloliogopa kuliko yote ni la kuitikia "ndiyo" kwa swali ambalo hukulielewa. Ndiyo hiyo inaandikwa. Kama lugha inakupiga chenga, sema hivyo na uombe mkalimani. Hakuna aibu.

Ukipelekwa chumba cha pembeni, usidhani umekamatwa. Mara nyingi ni ukaguzi wa pili: kuthibitisha tiketi ya kurudi, kumpigia mwenyeji, kulinganisha jina linalofanana na la mtu mwingine. Mambo yakifika hatua ya kuzuiliwa, Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu huduma za kibalozi, ibara ya 36, unakupa haki ya kuomba ubalozi wa nchi yako ujulishwe. Nchi nyingi sana zimeuridhia, lakini ni wewe unayepaswa kuomba.

Kabla hujaondoka dirishani, soma muhuri. Muda wa viza na siku ulizopewa kukaa ni vitu viwili: viza inaweza kuwa ya mwaka mzima na muhuri ukakupa siku 30. Wasiogonga muhuri hukupa kikaratasi au huingiza siku zako kwenye mfumo. Uliza ni ngapi. Tarehe ikikosewa, irekebishwe hapohapo.

Kwenye mizigo, linganisha namba ya kibandiko ulichopewa ulipokabidhi begi na ile iliyo kwenye begi lenyewe. Mabegi meusi yanafanana kama mapacha. Lisipotokea, au likitokea limevunjika, nenda kwenye dawati la mizigo kabla ya kutoka ukumbini, ujaziwe ripoti na upewe namba yake. Katika safari zinazosimamiwa na Mkataba wa Montreal wa 1999, unaohusu safari za ndege za kimataifa, malalamiko ya maandishi kuhusu uharibifu hupokelewa ndani ya siku 7 tangu upokee begi, na ya ucheleweshaji ndani ya siku 21 tangu ukabidhiwe. Begi lisilofika kwa siku 21 huhesabiwa limepotea. Na kama unaunganisha ndege ndani ya Marekani, kwa kawaida unachukua mzigo kwenye kiwanja cha kwanza na kuukabidhi upya, hata kama kibandiko kinataja mji wa mwisho.

Forodha nyingi zina njia mbili. Kuingia ya kijani ni sawa na kutamka kwamba huna cha kutangaza. Nyekundu ni ya mwenye chochote, au mwenye shaka. Fedha nyingi si kosa, kuificha ndilo kosa: Umoja wa Ulaya hutaka utangaze kuanzia euro 10,000, Marekani ikizidi dola 10,000. Nyama, mbegu na matunda hukamatwa kila siku. Kifurushi ulichobebeshwa na jirani bila kukifungua, kisheria ni chako.

Fedha badilisha kidogo tu, ya nauli na maji. Usafiri uupange ungali ndani, kwenye kaunta au foleni rasmi. Anayekufuata na kukushika begi akidai ni teksi, mwache. Mwenyeji asipoonekana, usitoke kumtafuta kwenye maegesho. Simama karibu na meza ya maelezo, kwa kuwa naye akikukosa hapo ndipo atakapokuja kuuliza.